Kukimbia kama Bayi

Namanyere ya mwaka 1974 ilikuwa na redio chache, na iliyokuwa karibu nasi wanafunzi ni ya mwalimu wa michezo. Jioni aliiweka dirishani, nasi tukakaa kimya chini ya ukuta, maana betri zilikuwa adimu na akisikia kelele alizima. Hapo ndipo tulipopata habari: tarehe 2 Februari, Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi, kijana wa Karatu wa miaka 20, ameshinda mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia! John Walker, mwenyeji, alikuwa wa pili, Ben Jipcho wa Kenya wa tatu.

Mwalimu akatuchorea njia kwa majivu ya jikoni. Mvua za Ufipa ziliyafuta, akachora tena. Mbio hizo, alisema, ni mizunguko mitatu na robo tatu, na wakimbiaji wengi huviziana mpaka mzunguko wa mwisho. Bayi hakuvizia mtu. Bastola ikilia, anatangulia; anayetaka medali amfuate. Basi tukaacha kukimbia kwa mpangilio. Kwenye mchakamchaka wa alfajiri, pekupeku kwenye umande wa baridi, kila mmoja alitaka kuwa Bayi, na wimbo ulikosa waitikiaji kwa sababu wote tulikuwa tumeishiwa pumzi kabla ya kufika barabara ya Kirando.

Mei 1975 tuliitafuta Jamaika kwenye ramani ya darasani. Kule Kingston, tarehe 17, Bayi alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0, akaivunja rekodi ya Jim Ryun iliyodumu tangu 1967. Agosti Walker akaichukua. Tukasema tutaonana naye kwenye Olimpiki ya Montreal.

Hatukuonana. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa Makaburu, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zikasusia Olimpiki kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki. Walker akashinda kwa dakika 3 na sekunde 39, muda ambao Bayi angeuona wa mazoezi. Uamuzi wa kususia naukubali hadi leo, uliniuma vilevile.

Bayi alikwenda Moscow mwaka 1980, safari hii kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Alitangulia kama kawaida yake, akaachia pengo kubwa, na Bronisław Malinowski wa Poland akamkamata kwenye mzunguko wa mwisho. Fedha. Wapo waliosema angevizia angepata dhahabu. Labda, lakini huyo asingekuwa Bayi.

Suleiman Nyambui naye alipata fedha ya mita 5,000 hapo hapo Moscow. Mpaka Paris 2024, medali za Olimpiki za Tanzania ni hizo mbili tu.