Taa kuwaka hakuthibitishi kwamba ethi ni nzima

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara, leo naacha muhogo, naandika habari za umeme. Atakayeuliza bwana shamba anatafuta nini kwenye nyaya, ajue kwamba siku hizi mavuno yetu yanapita humo: muhogo kwenye mashine ya kusaga, samaki kwenye friza.

Mwezi wa kumi nilikuwa Kihagara kwa mama mmoja muuza samaki, karibu kabisa na ufuko. Akaniambia, "Bwana shamba, friza hii inanipiga shoti nikiigusa pekupeku. Nikivaa kandambili inatulia."

Nikauliza kama ethi ilipimwa. Ilipimwa, akasema: fundi aliunganisha taa kati ya waya wa moto na waya wa ethi, ikawaka vizuri.

Fundi yule hakudanganya, ila kipimo chake ni kidogo. Taa ya wati 100 inawaka kwa chini ya nusu ampia. Sakiti breka ya ampia 32 haikati mpaka umeme upite hapo, na kukata haraka inataka mara kadhaa ya hapo. Tulipomleta fundi mwenye mashine ya kupimia ethi, alizima meni swichi, akafungua waya wa ethi kwenye nondo, akachomeka vijiti viwili ardhini kwa mstari mmoja, cha mbali kama hatua 30, cha pili kupita nusu kidogo. Akasogeza cha kati mbele na nyuma, namba haikubadilika sana: omu 140. Gawanya volti 230 kwa 140, unapata ampia 1.6. Taa itawaka, breka italala, na bati la friza litabaki na umeme likimsubiri mtu. Hata nondo nzuri ya omu 10 inapitisha ampia 23 tu!

Sababu ni mchanga mkavu. Wakati wa masika nondo ileile ingeonyesha nafuu, ndiyo maana nasema pima Oktoba au Novemba, kabla ya mvua. Wapo wanaomwaga chumvi kwenye shimo. Inasaidia kwa muda, kisha mvua inaiosha na chuma kinaliwa.

Fundi aliongeza nondo ya pili, umbali usiopungua urefu wa nondo yenyewe, na akafunga ELCB ya miliampia 30. Hii haisubiri ampia nyingi. Ikiona umeme kidogo unavuja, inakata papo hapo, hata ethi ikiwa dhaifu kama ile.

Friza ilipowashwa, ikakata. Mama akakasirika: "Kifaa chenu kibovu, samaki wangu wataoza!" Hapa ndipo wengi humwambia fundi akiruke kifaa, na mimi nawaomba msifanye hivyo kamwe. Fundi alifungua friza nyuma, akakuta waya wa kompresa umechubuka na kugusa bati. Ulipobadilishwa, ELCB ikatulia, na samaki hawakuoza.

Kila mwezi bonyeza kitufe cha T kwenye ELCB. Isipokata, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Kitufe hicho kinapima kifaa tu, hakipimi nondo iliyo ardhini. Hiyo inataka mashine na vile vijiti viwili.