Mnunuzi wa Mali ya Wizi

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuisikia ile picha ya mwanamke mwenye tabasamu, Mona Lisa, aliyoichora Leonardo da Vinci, nayo imetundikwa Louvre, mjini Paris. Mwaka 1979 Waingereza waliitia katika hadithi yao ya kubuni ya televisheni, Doctor Who. Humo mna mwizi mwenye picha sita kama ile, zilizofichwa nyuma ya ukuta, zote za mkono wa Leonardo mwenyewe. Mbona basi aliiba na ile ya Louvre? Kwa kuwa alikuwa na wanunuzi saba, na hapana atakayenunua hali ile ya Louvre ingali mahali pake. Wizi ukitangaa, kila mmoja ataamini kuwa ndiyo hiyo aliyouziwa.

Tazama, hila hii imesimama juu ya tamaa ya wanunuzi. Anunuaye cha wizi akidanganywa hana kadhi wa kumshitakia.

Nami nimepata kuletewa saa mlangoni baada ya magharibi, kwa bei ya kutupa. Nikauliza, "Ya nani?" Muuzaji akaenda zake. Basi nawe uliza, na wanao wakusikie.