Jaketi Lililotundikwa Ukutani

Mwezi wa Desemba mwaka 2019 nilikuwa Uingereza kwa mafunzo mafupi ya kazi. Tulipopewa mapumziko ya siku mbili, wenzangu walikwenda London kutazama maduka. Mimi nilipanda gari moshi kutoka Middlesbrough hadi Whitby, mji mdogo wa wavuvi ulio katika pwani ya kaskazini-mashariki ya nchi hiyo. Mwenyeji wetu alinicheka. "Whitby wakati wa baridi? Huko utakutana na upepo na ndege wa baharini tu!" Nilimjibu kwamba mimi ni mtoto wa kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Viktoria, nami nilitaka kuona jinsi wavuvi wa wenzetu wanavyoishi bahari inapochafuka.

Kwa hakika mwenyeji huyo hakusema uongo. Upepo wa Bahari ya Kaskazini ulipenya makoti mawili niliyoyavaa ukafika mifupani. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa, na ilipotimu saa kumi kasorobo alasiri jua lilikuwa limekwisha kuzama. Hata hivyo mji wenyewe ulinipendeza. Mto Esk unaugawa sehemu mbili kabla ya kuingia baharini, na nyumba zenye mapaa mekundu zimepandana juu ya vilima vya pande zote mbili kama watu wanaotazama ngoma. Katika kichochoro kimoja nilinusa harufu ya samaki wanaokaushwa kwa moshi, nikamkumbuka mama yangu.

Kesho yake asubuhi nilipanda ngazi 199 ziendazo kwenye kanisa la kale la Mtakatifu Maria. Nyuma yake yamesimama magofu ya nyumba ya watawa, mahali palipoanzishwa mwaka 657. Mzee mmoja alikuwa akinyunyiza chumvi njiani ili watu wasiteleze kwenye sakitu. Nilimwamkia, naye akaniuliza nilikotoka. Nilipomwambia kwamba kwetu tunavua samaki, aliweka ndoo yake chini, akanionyesha kuta mbili za mawe zinazoikinga bandari. "Basi hadithi ya pale inakuhusu," akasema.

Tarehe 9 Februari 1861 dhoruba kali ilizipiga merikebu nyingi kwenye pwani hiyo. Watu 13 wa mashua ya uokozi ya Whitby walikuwa wamekwisha kuwaokoa mabaharia wa merikebu kadhaa siku hiyo hiyo. Walipotoka tena, wimbi liliipindua mashua yao karibu na ukuta wa bandari. Watu wa mji walikuwa wamesimama pale wakitazama, wala hawakuweza kuwafikia. Wanaume 12 walikufa. Aliyeokoka alikuwa mmoja tu, Henry Freeman, ambaye alikuwa ametoka na mashua hiyo kwa mara ya kwanza. Yeye alikuwa amevaa jaketi la kuokolea maisha la namna mpya, lililotengenezwa kwa gamba la mti lile litumikalo kwa vizibo vya chupa. Freeman hakuikimbia bahari baada ya msiba huo. Baadaye alikuwa nahodha wa mashua ya uokozi kwa zaidi ya miaka 20, akashiriki kuokoa watu zaidi ya 300, akafariki mwaka 1904.

Mzee alidhani machozi yangu yaliletwa na upepo. Nilimwacha adhani hivyo.

Ndugu msomaji, nilipoanza kazi ya serikali, nilitumia sehemu ya mshahara wangu wa kwanza kumnunulia kaka yangu mkubwa jaketi la kuokolea maisha. Yeye ndiye aliyenilipia karo chuo cha ualimu kwa fedha za samaki. Nilipomkabidhi zawadi hiyo nilimwambia, "Kaka, ni ghali hili. Litunze." Naye alikuwa mtu wa kushika neno. Alilitundika ukutani chumbani mwake, juu ya kitanda, akalifunika kwa karatasi ya nailoni lisipate vumbi. Wageni walipofika aliwaonyesha. Usiku mmoja wa mwaka 2014 tufani iliipindua mashua yake. Siku ya maziko niliingia chumbani mwake, nikalikuta jaketi lile safi kama nilivyolitoa dukani.

Kwa miaka mitano nilijifariji kwa kusema kwamba ziwa halina huruma. Pale kwenye makaburi ya Whitby nilikiri kwamba bahari nayo haina huruma, lakini Freeman alirudi nyumbani, kwa kuwa jaketi lilikuwa mwilini mwake. Kaka yangu nilimpa zawadi nzuri pamoja na neno baya.

Kabla ya kuondoka nilishuka bandarini. Mashua moja ndogo ilikuwa ikitoka. Kulikuwa na watu watatu ndani yake, na wote walikuwa wamevaa majaketi yaliyopauka kwa jua na chumvi, yenye madoa ya damu ya samaki. Sijapata kuona nguo chafu iliyonifurahisha kiasi kile.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, askari na familia zenu, mnajua vema maana ya kumngoja mtu arudi salama. Tazameni basi nyumbani mwenu. Je, chandarua kipya kimo sandukuni kikimngoja mgeni? Je, kofia ngumu ya pikipiki inaning'inia kwenye usukani badala ya kuwa kichwani? Tahadhari kabla ya hatari, walinena wahenga. Lakini tahadhari iliyofungiwa kabatini haimkingi mtu.

Mtoto wa marehemu kaka yangu sasa ni kijana, naye anavua katika ziwa lile lile. Niliporudi safarini nilimnunulia jaketi lake. Safari hii nilichagua maneno yangu. Nilimwambia, "Mwanangu, lichakaze. Nikija mwakani sitaki kulikuta safi."

Nilipomtembelea mwaka uliofuata lilikuwa limechanika mfuko mmoja, nalo lilinuka sangara. Nilimshukuru, nikamnunulia jingine.