Bando la Usiku

Saa sita na dakika moja usiku niliingia kwenye menyu kama kawaida, nikabonyeza namba ambazo vidole vilishazikariri. Kifurushi hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na kingine, chenye jina tamu zaidi na MB za kuhesabu. Nikadhani nimekosea. Nikarudia. Wapi!

Kile cha zamani kilikuwa cha usiku, bila kikomo, mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Wenzangu wa Makorora walikitumia kushushia muvi. Mimi nilikitumia kumpigia bibi.

Bibi yuko Pangani, na huamka saa kumi alfajiri bila kuamshwa. Binamu yangu, aliyekuwa na kifurushi kama changu, alimwegeshea simu kwenye mtungi, naye akawa anasuka ukili huku ananisimulia. Mimi huku Tanga nimejifunika shuka, daftari mapajani, naandika. "Paukwa!" anasema. "Pakawa!" najibu kwa kunong'ona, nisiwaamshe wapangaji wenzangu. Tulikwenda hivyo mpaka adhana. Hadithi moja ingeweza kula siku tatu, maana bibi hasimulii moja kwa moja. Lazima apitie kwanza kwa mjomba fulani aliyezama na jahazi, ndipo arudi kwa sungura.

Sasa, je, makampuni ya simu yatavifuta vifurushi vyote vya zamani visivyo na kikomo? Mimi naona vitakwisha, na vitakwisha kimyakimya. Usiku ule ulikuwa rahisi kwao kwa sababu minara ilikuwa imekaa bure sisi tukilala. Video zilipojaa kwenye simu, nao usiku ukawa na foleni. Kitu chenye foleni hakiuzwi tena kwa jumla.

Marekani, AT&T iliacha kuwauzia wateja wapya wa simu janja bando lisilo na kikomo Juni 2010, ila wa zamani wakaachiwa lao. Baadaye ikaanza kuwapunguzia kasi waliotumia sana. Serikali ikaishitaki mwaka 2014, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 60. Wale walikuwa na mkataba wa kushika mkononi. Sisi tunanunua usiku kwa usiku. Kila saa sita unakuwa mteja mpya, hata kama laini unayo tangu enzi za vocha za kukwangua. Kwenye malipo ya kabla hakuna mkongwe.

Si kwamba hatuna sauti. Tarehe 2 Aprili 2021 vifurushi vipya vilipoanza na bei kupaa, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba agizo likatoka vya zamani virudishwe. Lakini bei ikipanda kila mtu huiona. Kifurushi kikitoka kwenye menyu, anayejua ni yule tu aliyekuwa anakitafuta saa sita usiku.

Tulihamia bando la kawaida. Siku ya kwanza simu ilikata bibi akiwa katikati ya sentensi. Binamu akamweleza kwamba sasa kila dakika ina hesabu yake, na bibi akaelewa haraka kuliko nilivyotaka aelewe. Alfajiri iliyofuata hakusema paukwa. Hakumpitia mjomba wala jahazi. Aliingia moja kwa moja kwa sungura, akamaliza kwa dakika sita, akauliza, "Bando limebaki, mwanangu?"

Lilikuwa limebaki. Nikamwambia, "Bibi, simulia kama zamani." Akacheka. "Nisikutie hasara."

Mkoa huu ndio uliomzaa Shaaban Robert, kule Vibambani, mwaka 1909, na tunajivunia vitabu vyake. Bibi yangu hana kitabu. Ana mchepuko, yale mazungumzo ya pembeni yanayoonekana kama kupoteza muda, na ndiyo yaliyojaza daftari langu. Nikilisoma sasa naona mahali hasa lilipoanza kukonda. Kurasa za kabla zimejaa majina ya watu, samaki na pepo za baharini. Za baada zina sungura peke yake.

Jumamosi nitapanda gari la Pangani, kama kilomita 50 hivi. Nauli inazidi bando. Nitakaa chini kwenye mkeka, na akisema paukwa, safari hii nitajibu kwa sauti.