Mshahara wa Meneja

Nilipoacha kazi ya uwakala wa forodha bandarini Mombasa na kuchukua duka la kuku na chipsi huko Bamburi, chini ya jina la kampuni iliyokwisha kujulikana nchini, swali la nyumbani lilikuwa moja: nani atakaa dukani? Mama mkwe alishikilia kwamba chakula hakiuzwi kwa mkono wa kuazima. Kaka yangu, mwenye matatu za njia ya Mtwapa, aliona kinyume. "Dada," aliniambia, "ukiwa wewe ndiye tajiri na wewe ndiye dereva, siku ukiumwa gari limelala." Niliwasikiliza wote wawili, kisha nikavaa aproni.

Wanaoitazama biashara hii kwa nje hudhani kwamba ukishalipia jina umelipia na akili ya kuliendesha. Kampuni hukupa mapishi, rangi za ukuta, orodha ya watu unaoruhusiwa kununua kwao kuku na viungo, na mafunzo. Mtu wa kufungua mlango asubuhi haikupi. Mtaji ni wako, pango ni lako, umeme na wafanyakazi ni juu yako, na kila mwezi unapeleka mrabaha.

Nilijifunza kwa mikono. Kwetu kuku huuzwa kwa robo, nusu na mzima, kwa hiyo kuku mmoja ni robo nne, na hesabu ya duka zima huanzia hapo: chukua kuku waliotoka kwenye jokofu, zidisha kwa nne, toa robo zilizobaki, toa zilizoharibika, kisha linganisha na risiti. Nilijua mafuta yanapochoka: hutoa povu lisilotulia, moshi huanza kabla joto halijafika, na chipsi huwa nyeusi kabla hazijaiva. Viazi vya Shangi, ambavyo hupatikana kwa wingi sokoni Kongowea, huchipua upesi katika joto la pwani, basi anayejaza stoo kwa sababu bei imeshuka hupoteza kile alichookoa. Nyama ya kuku lazima ifike nyuzi 74 za selsiasi ndani, karibu na mfupa, na macho hayawezi kukuambia hilo, linataka kipimajoto. Yote haya yalinifaa sana baadaye. Meneja hukaguliwa na mtu anayeijua kazi. Ninapoona mstaafu ametia kiinua mgongo chake katika duka la namna hii na kuajiri meneja kabla yeye mwenyewe hajasimama mbele ya kaango hata wiki chache, moyo wangu huuma kwa ajili yake.

Uchovu ulikuwepo, lakini si uchovu ulionigeuza. Lililonigeuza ni daftari. Mrabaha hukatwa kwenye mauzo, wala hauulizi kama umepata faida. Ray Kroc alipoanza kuuza leseni za McDonald's mwaka 1955 alitoza asilimia 1.9 ya mauzo. Subway, huko Marekani, hutoza asilimia 8, na juu yake asilimia 4.5 ya matangazo. Duka likila hasara mwezi huo, deni hilo liko palepale. Tuseme katika kila shilingi 100 zinazoingia, 40 zinakwenda kwa kuku, viazi na mafuta; 20 kwa wafanyakazi; 15 kwa pango na umeme; 10 kwa mrabaha na matangazo; na 7 kwa leseni, vifungashio na matengenezo. Zinabaki 8. Mwenye duka anayeshinda kwenye kaunta huziita hizo 8 faida yake, na mimi nasema ni mshahara wake ambao hajauandika popote.

Usiku mmoja niliuandika. Niliingiza mshahara wa meneja kwenye hesabu kama kwamba ninamlipa mtu mwingine, nikarudi nyuma mwezi baada ya mwezi. Desemba, wageni wa bara wanapojaa, duka lilibaki na faida ya kweli hata baada ya mshahara huo. Aprili na Mei, mvua za masika zinapofukuza watu ufukweni, nilikuwa nikilifanyia kazi bure. Tangu hapo sikujiuliza tena kama mtu wa kuajiriwa anaaminika. Nilijiuliza duka lifanywe nini liweze kumlipa.

Ilichukua muda. Niliongeza oda za mchana za maofisi na shule za karibu. Nilibadilisha zamu zifuate maisha ya mji: Ramadhani mchana duka hulala, wateja hufurika karibu na magharibi wakibeba cha kufuturu, na hurudi tena baada ya tarawehe, hivyo hakuna haja ya kulipa watu wengi saa nane mchana. Niliacha kununua viazi kwa tamaa ya bei. Miezi ya masika ilipoanza kubeba mshahara ule wa kwenye karatasi, nilijua wakati umefika.

Kampuni zenyewe hazina msimamo mmoja kuhusu jambo hili. Chick-fil-A ya Marekani humtaka anayepewa duka aliendeshe yeye mwenyewe. Mwekezaji wa mbali hapewi. Pete Harman, mtu wa kwanza kupewa na Harland Sanders wa KFC ruhusa ya kuuza kuku wake, mwaka 1952 huko Salt Lake City, alifuata njia nyingine. Alifikia kuwa na maduka mengi, na akawaruhusu mameneja kununua hisa katika maduka waliyoyaendesha. Njia ya Harman iliniingia moyoni. Mtu huyo alielewa kwamba jicho la mwenye mali halikodishwi kwa mshahara mtupu, ila linaweza kugawanywa.

Jamaa walileta majina. Lililorudiwa zaidi lilikuwa la mpwa wangu, kijana mwenye adabu na diploma ya hoteli. Nilikataa, na dada yangu alininunia kwa muda mrefu. Meneja lazima awe mtu unayeweza kumwachisha kazi, na mtoto wa dada yangu nisingeweza kumwachisha bila kumpoteza dada mwenyewe. Nilimchagua mwanamke wa Kisauni aliyekuwa kwenye kaango. Kabla sijamwagiza mtu yeyote, yeye alikuwa na desturi ya kuandika idadi ya robo zilizobaki usiku nyuma ya risiti zilizotupwa. Siku nilipozikuta karatasi zile zimefungwa kwa mpira kwenye droo, niliona meneja.

Tulikubaliana mshahara maalumu, siku ya mapumziko kila wiki na likizo ya siku 21 kwa mwaka kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyotaka, na juu yake sehemu ya faida kila baada ya miezi 3. Sikukubali kumlipa kwa mauzo. Meneja anayelipwa kwa mauzo atajaza pakiti ya chipsi mpaka imwagike ili foleni iwe ndefu, na foleni ndefu inaweza kukufilisi kimyakimya. Mimi nilibaki na benki, mikataba ya wanaotuuzia, vyeti vya afya vya wafanyakazi, ambavyo lazima vihuishwe kila miezi 6, na neno la mwisho katika kuajiri. Ujumbe wa kila malipo ya M-Pesa huingia kwenye simu yangu. Hesabu ya robo yeye huniletea kila usiku, na siku moja katika wiki, siku asiyoijua, mimi hufungua jokofu na kuhesabu upya. Alinishukuru kwa hilo. Alisema hesabu ya watu wawili humlinda yeye kuliko inavyonilinda mimi.

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, mishahara imetoka na foleni imefika barabarani, alinipigia simu.

"Mama, mafuta mapya hayajafika, lori limekwama Mariakani. Haya yaliyomo yamechoka. Nimezima kaango la chipsi."

Nilimuuliza kama hayawezi kutuvusha mpaka saa mbili usiku.

"Yatavuka, Mama. Lakini mimi siyauzi."

Nilikuwa nimeketi sebuleni na wageni, nikihesabu moyoni Jumamosi ya mwisho wa mwezi bila chipsi ni hasara ya kiasi gani, na hasara hiyo ingepunguza sehemu yake pia. Alilijua hilo kabla ya kunipigia. Nilimwambia afanye kama alivyoamua. Usiku ule waliuza kuku wa kuchoma kwa mkate na kachumbari, wateja wengine wakaondoka kwa hasira, na niliporudia hesabu za wiki niliziona zimeshuka vibaya. Mwezi uliofuata nilikwenda kwa wakili, tukaandika mkataba mpya unaompa haki ya kununua hisa dukani kidogokidogo kutoka kwenye sehemu yake ya faida.

Mama mkwe bado hula kuku wetu akiuliza nani amempika. Kampuni nayo imeniuliza kama nitachukua duka la pili, Mtwapa. Nimewajibu kwamba mtaji ninao na eneo nimeliona, ila sitatia saini mpaka meneja wangu aniambie kwamba msaidizi wake yuko tayari kushika Bamburi, maana Mtwapa nataka aende yeye, na safari hii akiwa na hisa tangu siku ya kufungua.