Yaya wangu wa Iowa na bunduki ya kalibri 20

Mwezi wa kumi mwaka jana, saa tano za usiku, simu yangu iliingiza sauti ya WhatsApp ya dakika sita. Umeme ulikuwa umekatika hapa Uvira, nikaisikiliza gizani. Alikuwa yaya wangu aliye Iowa, Marekani. Kwake ilikuwa saa kumi ya jioni, ametoka kazini. Hakuuliza habari za watoto wala za vita. Alisema: "Mdogo wangu, wewe ni mtu wa redio, unajua kuuliza watu. Niambie, ninunue bunduki ya kalibri 12 au ya kalibri 20?"

Wengi wenu mnaotusikiliza, hata ninyi mlio kambini au katika familia zilizowapokea, mna ndugu huko Marekani. Mnajua namna maswali yao yanavyofika: ya dawa, ya parseli, ya mahari. Swali la bunduki sikuwahi kulipata. Kwetu mtu akisema bunduki, tunauliza kwanza ni ya nani na imelala wapi usiku huu.

Ili mnielewe, lazima nirudi nyuma. Mwaka 1996 mama alivuka ziwa Tanganyika pamoja na yaya, wakafika kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, niliachwa kwa babu upande wa Fizi, na njia ikafungwa kati yetu. Babu alikuwa mwindaji. Alikuwa na kalibri 12 ya mtutu mmoja, yenye karatasi za Serikali, karatasi zilizokunjwa ndani ya kopo la maziwa. Aliwinda mboloko na nguruwe pori kwa risasi za marisau. Vita ilipofika, wanaume wenye silaha walikuja kuulizia ile bunduki. Mtu alikuwa amewaambia. Babu aliwapa. Wakasema anaficha nyingine. Hakuwa na nyingine. Tangu siku ile mkono wake wa kuume haukupanda tena juu ya bega, mpaka alipokufa.

Mama aliipata habari hiyo akiwa kambini. Akasema bunduki haitaingia tena katika nyumba anayolala yeye. Na sasa mama analala katika nyumba ya yaya, kule Iowa.

Kwa hiyo swali lilikuwa na swali lingine ndani yake, na yaya alijua.

Kwanza nilitaka kumwambia aache. Sikumwambia, kwa sababu ya namna alivyozungumza. Anafanya kazi katika kiwanda cha nyama, anakata nguruwe siku nzima, mkono uleule, mkato uleule. Wenzake wa kiwandani hutoka kila mwezi wa kumi na mbili kwenda kuwinda mnyama wa kule mwenye mkia mweupe chini. Yaya anamwita swala, Biblia yetu ingemwita ayala. Safari hii walimwalika. "Miaka kumi ninaishi hapa," alisema, "na hii ni mara ya kwanza mtu ananiambia twende pamoja mahali ambapo si kazini." Alikuwa amekwisha kufanya masomo ya mwindaji, kwa maana Iowa kila aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972 lazima ayafanye kabla ya kupewa ruhusa ya kuwinda. Alikuwa amenunua hata koti la rangi ya machungwa kali, lile la kuonekana mbali ili usipigwe na mwenzako.

Nikafanya kazi yangu, nikauliza. Jirani yetu mmoja, mzee, aliwinda zamani kwa karatasi halali. Nilimkuta anatengeneza kiti. Nilikiri kwamba mimi, na diploma yangu ya uandishi wa habari, nilifikiri kalibri 20 ni kubwa kuliko 12. Alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Akanieleza: chukua pauni moja ya risasi, yaani gramu 454 za ile madini, ugawe mabonge 12 yaliyo sawa. Bonge moja linaenea kamili katika mtutu wa kalibri 12. Ukigawa mabonge 20, kila bonge ni dogo zaidi, na mtutu wake ni mwembamba zaidi. Upana wa mtutu wa 12 ni kama milimita 18 na nusu, wa 20 ni kama 15 na nusu. Namba ikipanda, bunduki inashuka.

Jambo la pili lilimshangaza hata mzee. Kule Iowa huruhusiwi kumpiga mnyama huyo kwa marisau. Lazima iwe risasi moja nzima, bonge moja zito linalotoka peke yake. Nchi ni tambarare, mashamba ya mahindi na nyumba za wakulima zimechanganyika, na bunduki zenye risasi za kwenda mbali sana zilikatazwa kwa miaka mingi katika uwindaji huo. Siku hizi aina chache nyingine zimeruhusiwa, lakini wenzake yaya wangali wanashika bunduki ya mtutu mpana yenye risasi moja, kama baba zao.

Yaya alitaka 12. Sababu yake ya kwanza ilikuwa babu. Sababu ya pili, wenzake wote wana 12, na dukani risasi zake ni nyingi na bei nafuu. Hizo ni sababu nzuri, sikuzipuuza. Bonge la kawaida la 12 lina uzito wa kama gramu 28. La 20 lina kati ya gramu 18 na 25, kulingana na aina. Mtu akisikia hivyo anasema basi 28 ndiyo dawa.

Nikamwomba anieleze siku alipojaribu bunduki ya mwenzake. Alinyamaza kidogo kwenye simu. Risasi ya kwanza alipiga karatasi. Ya pili pia, pembeni. Ya tatu na ya nne hazikuonekana. Bega lake la kuume limechoka na kisu cha kiwandani, daktari alimwambia hivyo, na 12 yenye bonge zima inapiga teke kama punda. Nikamuuliza: ulipovuta mara ya tatu, macho yalikuwa wazi? Akasema: "Nilifumba."

Hapo mimi nilikata shauri. Mtu anayefumba macho kabla ya kuvuta hamuui mnyama, anamvunja mguu, na mnyama anakwenda kufa polepole katika mahindi ya mtu mwingine. Kwa swala wa kule, akipigwa mahali pa moyo na mapafu kwa umbali wa mita 50 au 60, bonge la 20 linatosha kabisa. Hatajua tofauti ya zile gramu chache. Bega la yaya ndilo litakalojua. Tena mke wake ni mfupi, na binti yao anataka kujifunza. Kuna 20 zenye kitako kifupi ambacho mtu mfupi anaweza kukiweka vizuri begani. Lakini nilimwonya: 20 nyingi ni nyepesi, na bunduki nyepesi sana nayo inapiga teke. Asichukue iliyo nyepesi kuliko zote kwa kufurahia kuibeba.

Kisha kulikuwa na mtutu, na hapo tulizungumza jioni mbili. Kuna mtutu laini ndani, na kuna mtutu wenye mistari iliyochongwa inayozunguka kama ya visi, ili risasi itoke ikizunguka. Kila mtutu una risasi yake. Mtutu laini unataka bonge la Foster, lililopewa jina la Mmarekani Karl Foster. Nyuma yake ni tundu, uzito wote uko mbele, kwa hiyo linakwenda moja kwa moja kama mshale. Mtutu wenye mistari unataka risasi nyembamba zaidi iliyovikwa plastiki. Wanaiita sabo. Ninyi mliosoma Kifaransa mtacheka, ni kile kiatu cha mbao. Risasi inatoka na kiatu, kiatu kinabaki njiani. Hiyo inafika mbali zaidi kwa uhakika, lakini bei yake ni mara kadhaa ya ile nyingine. Ukiitia sabo katika mtutu laini umetupa pesa, haizunguki na haiendi unapotaka.

Nikamuuliza yaya watawindaje. Akasema wanajigawa: wengine wanapita katika vichaka wakiwatoa wanyama, wengine wanasubiri upande wa pili, karibu. Kama ni karibu, mtutu laini na Foster vinatosha. Aombe tu uwe na shabaha mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa sababu nukta moja ya mbele ni ya kupigia ndege. Na anunue aina tatu za risasi, pakiti mojamoja, azijaribu kwenye karatasi, kwani kila bunduki ina ile inayoipenda.

Mzee jirani aliongeza neno moja ambalo nililituma kama lilivyo. Nyumba moja isiweke risasi za 12 na za 20 pamoja, wala mfuko mmoja wa koti. Ile ya 20 ikiingia kwa makosa katika 12, inateleza na kukwama ndani ya mtutu. Mtu anafikiri bunduki ni tupu, anatia ya 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka usoni. Yaya alijibu kwamba kule za 20 zina ganda la manjano kwa sababu hiyohiyo.

Tulibaki na mama.

Alinipigia mwenyewe. "Ni wewe unayemsaidia nduguyo kuingiza bunduki kwangu?" Sikuwa na jibu. Yaya alikuwa amemweleza kwamba Marekani ni tofauti, kwamba ana karatasi za ukaaji wa kudumu, kwamba duka linachunguza jina lako kwanza, kwamba jirani wa kushoto anazo tano. Mama alisema: "Hata babu yenu alikuwa na karatasi."

Siku mbili hatukuongea. Nadhani alikuwa na haki, na nadhani yaya pia alikuwa na haki, na mimi niko mbali na wote wawili.

Siku ya tatu mama alileta masharti. Sanduku la chuma lenye kufuli. Risasi katika sanduku jingine. Ufunguo wa bunduki anakaa nao yeye. Na hakuna picha, si katika kundi la familia, si kanisani. Maana kilichomuumiza babu, alisema, ni mdomo wa mtu. Haya ninayoandika ameyaruhusu, mradi nisitaje jina wala mji.

Yaya alinunua 20, ya kuvuta kwa mkono, mtutu laini. Alinitumia picha ya karatasi tu: matundu matatu, mita 45, yote yanafunikwa na kiganja. Wikiendi ya kwanza ya uwindaji alirudi mikono mitupu na mafua. Ya pili, asubuhi, jike mmoja alitoka kichakani hatua 40 mbele yake. Risasi moja. Alifunga kibandiko chake mguuni kama sheria inavyotaka, wakamvuta juu ya theluji, watu wanne, wanacheka.

Mama hakutaka kusikia habari ya mlio. Alipika ile nyama na sombe na mafuta ya mawese yanayotoka duka la Wakongo. Kwenye video alikuwa amefunga ufunguo katika pembe ya kitenge chake, kiunoni, ukigonga chungu kila alipoinama. Akamgeukia yaya akauliza: "Na ngozi? Mmeitupa wapi ngozi?"