Mgema Anayepika

Hakuna mwalimu wa Kiswahili asiyeifundisha methali ya mgema. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: sifa humlevya mtenda kazi kabla tembo halijamlevya mnywaji. Nimeifundisha kwa miaka mingi katika shule za sekondari, wanafunzi wakaiandikia insha, nami nikazisahihisha insha hizo kwa mamia. Maana hiyo haina kasoro. Lakini tangu nianze kupika tembo uani kwangu, hapa Mtunda wilayani Kibiti, nimeitazama methali hiyo kwa jicho jingine. Mgema anayeuza tembo kama lilivyotoka mnazini anaweza kulitia maji akafaidika. Mgema anayepika hawezi. Kila kikombe cha maji atakachokiongeza atalazimika kukitoa tena kwa moto, na moto hula kuni. Atakuwa amejiibia mwenyewe.

Nieleze kwanza kupika huko, maana wengi hulijua tembo kama kileo tu. Mgema hulichagua kole changa lingali limefumbwa ndani ya karara. Hulifunga kwa kamba lisipasuke, kisha hulikata ncha kwa kotama. Asubuhi na jioni hupanda tena na kuliondoa kijipande chembamba kama karatasi ili kidonda kisizibe, na maji yake hudondoka tone kwa tone ndani ya kibuyu. Likiwa jipya, hilo ni tembo tamu, wala halilevyi. Likikaa saa chache katika joto letu la pwani huanza kutoa povu. Likilala huwa tembo kali. Likisahauliwa huwa siki. Ni kitu kimoja chenye majina matatu, na linaloyatenganisha majina hayo ni saa.

Anayetaka asali hana budi kuliwahi tembo katika jina lake la kwanza. Sisi hukiosha kibuyu kwa maji yanayochemka na kukipaka ndani chokaa kidogo, ileile ya kutafunia tambuu, kwa sababu chokaa huchelewesha uchachu. Wagema wa Bara Hindi na wa Asia ya Kusini-Mashariki hufanya hivyo pia. Kisha huja sufuria pana, moto mkali mwanzoni na mdogo mwishoni, na mwiko usiotulia. Povu huenguliwa. Rangi hubadilika kutoka weupe wa maji ya mchele hadi kahawia ya korosho iliyokaangwa. Tone likidondoshwa katika maji baridi likazama bila kutawanyika, asali imeiva. Lita saba hivi za tembo hutoa lita moja ya asali.

Kazi hii ina ndugu wa mbali. Kanada na kaskazini-mashariki ya Marekani kuna mti uitwao mepo, ambao jani lake limewekwa katikati ya bendera ya Kanada tangu 1965. Mwishoni mwa majira ya baridi, usiku maji yakiganda na mchana yakiyeyuka, watu hutoboa shina la mti huo na kukinga maji yake. Wenyeji wa asili wa nchi hizo waliijua kazi hiyo kabla Wazungu hawajafika. Lakini maji ya mepo yana sukari kama asilimia 2 tu, kwa hiyo lita 40 huchemshwa ili kupata lita moja ya asali, na msimu wote ni wa majuma machache. Mnazi una sukari mara nyingi zaidi ya hiyo na hugemeka mwaka mzima. Nikilinganisha hayo mawili naona tumepewa kwa mkono mkunjufu. Mwenye mepo, hata hivyo, ana raha moja tusiyo nayo: husimama chini akatoboa. Sisi hupanda.

Nilianza na minazi mitatu. Mnazi mmoja hunipa kama lita moja na nusu kwa siku, hivyo asali yangu ilikuwa zaidi kidogo ya nusu lita. Ilitutosha kwa uji, kwa kaimati za futari, na kwa chupa mojamoja ya zawadi. Zawadi ndizo zilizoleta sifa, na sifa zikaleta maombi. Mwenye duka mmoja pale Kibiti mjini alitaka chupa 20 kila juma. Majirani wakasema, “Mwalimu, ongeza minazi.” Nina minazi 40 inayozaa. Kuigema 15 kungenipa zaidi ya lita tatu za asali kwa siku. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa tamu kuliko asali yenyewe.

Nikaipiga upya kwa kuanzia miguuni. Minazi 15, kila mmoja ukipandwa asubuhi na jioni, ni safari 30 kwa siku. Minazi yangu mirefu ina urefu wa mita 15 hivi, kwa hiyo mgema atapanda mita 450 na kushuka mita 450, kila siku, bila Ijumaa wala sikukuu, kwa kuwa kole lisilokatwa huziba. Anayenigemea ni kijana aliyeacha shule akiwa kidato cha pili. Katika shina la mnazi hukatwa pengo la kukanyagia, na pengo hilo huitwa kidato. Wengi wetu tumelitumia neno hili shuleni maisha yetu yote bila kufikiria kwamba lina maana ya kupanda hatua kwa hatua, mguu ukikosea mtu akaanguka. Siku kijana huyo aliponiambia, “Mwalimu, mnazi huu una vidato ishirini na sita,” nilinyamaza kidogo. Sikuwa tayari kumpandisha mara 30 kwa siku ili duka lijaze rafu.

Hesabu ya pili ilikuwa ya moto. Kukausha lita 19 za maji kila siku ni kazi ya kuni nyingi, nasi tu jirani wa delta ya Rufiji, yenye mojawapo ya misitu mikubwa ya mikoko katika Afrika Mashariki. Kuni za mkoko na mkandaa huwaka kwa moto mkali na hudumu. Lakini katika mizizi ya miti hiyo ndimo kamba na samaki wachanga wanamokulia, na ndiyo inayoshika udongo wa kingo. Sikutaka asali yangu ipikwe kwa riziki ya mvuvi. Nikajiwekea sharti kwamba mnazi upikwe kwa mnazi: makumbi, vifuu, makarara na makuti makavu.

Sharti hilo lilifichua jambo ambalo karatasi yangu ya kwanza haikuonyesha. Kole linalogemwa halizai. Mnazi hutoa kole moja hivi kila mwezi, na kole ulilolifunga kwa ajili ya kibuyu halitakupa kidaka, wala dafu, wala nazi. Pasipo nazi hakuna kumbi wala kifuu. Kumbe minazi inayogemwa hupikiwa na minazi isiyogemwa, na ukizidisha ya kwanza utaumaliza moto wa jikoni. Mke wangu, ambaye huniita Mwalimu kama kijiji kizima, aliliweka jambo hilo kwa maneno machache: “Mwalimu, asali haiungi mchuzi.” Tukakubaliana minazi minane. Hutoa kama lita 12 za tembo, nazo hupungua sufuriani hadi lita moja na robo tatu za asali. Hapo tumesimama mpaka leo.

Mwenye duka hakuridhika. Akanishauri, kwa nia njema ya kibiashara, nichanganye kilo kadhaa za sukari ya dukani wakati wa kupika. “Chupa zitaongezeka, na rangi haitabadilika. Nani atajua?” Ni kweli, wengi wasingejua. Ndipo methali ikanigeukia. Nilidhani mgema anayepika amesalimika, kwa kuwa moto humfichua. Kumbe maji yake yeye ni sukari. Wahenga hawakuwa wakisema habari za maji tu. Walisema habari za kile kitu cha bei nafuu, chochote kiwacho, ambacho sifa humshawishi mtu akiongeze ili kazi yake ionekane kubwa. Kila fundi ana maji yake. Mshairi anayeombwa shairi kila harusi ana ya kwake pia: vina vilivyokwisha kutumika, mishororo ya kujazia beti. Mizani hutimia, na wasikilizaji hupiga makofi. Nilimwambia mwenye duka kwamba atapata chupa sita kwa juma, au asipate kabisa. Alichukua sita.

Likabaki suala la jina, ambalo kwa mtu wa lugha si dogo. Asali peke yake, kwa wengi, ni ya nyuki. Lakini Kiswahili tangu zamani kina asali ya miwa, kwa hiyo neno hilo lina nafasi. Wazee huku husema asali ya tembo. Jina ni zuri na la kweli, ila mtoto mmoja dukani aliuliza ikiwa ndovu nao hutengeneza asali, na jirani yangu mcha Mungu alisita kuonja mpaka nilipomweleza kwamba tembo hili liliwahiwa kabla ya kuchacha. Shira ni sukari na maji ya kaimati. Sukari guru ni ya miwa. Mwishowe niliandika kwenye chupa: Asali ya Mnazi. Chini yake, kwa herufi ndogo: imepikwa kwa tembo tamu, haikutiwa kitu. Maneno hayo ya chini yana uzito kwangu kuliko yale ya juu. Nimeyaandika hadharani ili yanibane siku ambayo sifa zitanizidi.

Kijana wangu wa mnazini sasa anajua maneno ya kazi yake yote, nami nayaandika katika daftari kadiri anavyoyataja, kwa kuwa wagema wakongwe wa huku wamebaki wachache. Kila kole lina hali yake na kila hali ina jina, na majina hayo hayasemwi tena mahali popote ila juu ya mti. Naomba ndugu zangu wa Kilifi, Pemba, Tanga na Lamu waniambie: kole likiwa bado limefumbwa, kwenu huitwaje? Na maji yake ya alfajiri, kabla jua halijayagusa, yana jina?